Nilivyompa Mama Mkwe Mgongo

Kuna kipindi nilikuwa nawatambua watu kwa miguu yao tu. Nililala kifudifudi, kifua juu ya mito miwili, kichwa ukingoni mwa kitanda, macho sakafuni. Aliyeingia chumbani nilimwona kuanzia vifundo kwenda chini. Kandambili za buluu zilizoungwa kwa waya, huyo mke wangu. Buti zenye vumbi la pumba za mpunga, huyo jirani wa mashineni. Kila mmoja alinipa pole, nami niliijibu sakafu.

Tulikuwa tunaishi Kagongwa, nyumba ya kupanga nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, na hadi leo tupo hapo hapo. Mke wangu anauza mchele. Mimi nilikuwa mpiga matimba kwenye maduara ya dhahabu upande wa Runzewe. Duara ni shimo la kuchimbia, na matimba ni magogo yanayozuia kuta zisiwaangukie watu walio chini. Kazi yangu ilikuwa kutangulia mbele ya wachimbaji, kupima, kukata na kukaza. Nilikuwa fundi mzuri, sioni aibu kusema. Pia nilikuwa na domo. Ukikaza gogo vibaya nilikutukana wewe na aliyekufundisha, halafu jioni tunakula ugali sahani moja.

Siku niliyoumia, jiwe lilichomoka juu, mahali ambapo bado hatujaweka gogo hata moja, likanipata mgongoni nimeinama. Sikusikia maumivu kama watu wanavyodhani. Nilisikia joto, kisha nikaiona miguu yangu imelala upande, mmoja juu ya mwenzake, kama miguu ya mtu mwingine aliyejilaza karibu yangu. Wenzangu wakanitoa kwa kamba. Huko juu hapakuwa na gari. Wakanipakia mshikaki kwenye pikipiki, dereva mbele, mimi katikati, rafiki yangu nyuma amenikumbatia, wakanikimbiza, huku paji langu likigonga mgongo wa dereva kila tulipoingia kwenye shimo la barabara. Baadaye daktari aliponiuliza nilifikaje nikamweleza, alifumba macho kabisa. Aliyeumia mgongo hakunjwi, anabebwa amenyooka, hata kama ni juu ya mlango uliong'olewa. Jamani, tungejulia wapi? Wale vijana walikuwa wanalia njia nzima, na mimi sina kinyongo nao.

Nikafikishwa hospitali ya rufaa, wakanipasua, wakanyoosha mfupa kwa vyuma. Kuanzia kitovuni kushuka nikawa sihisi kitu.

Daktari wa mgongo alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini na tabia ya kukaa kitandani kwako kabla hajasema jambo zito. Siku hiyo akakaa. Akaniambia uti wangu wa mgongo haukukatika, ulipondeka. Nikamuuliza dawa yake nini.

"Baba, sikudanganyi," akasema. "Dawa ya kuurudisha ulivyokuwa bado haipo, si hapa tu, popote. Lakini kuna jambo linajaribiwa, na sisi hapa tumo."

Akanieleza polepole, na kila nilipopotea nilimrudisha nyuma. Ndani ya mfupa wa nyonga kuna uboho, na ndani ya uboho kuna seli changa ambazo bado hazijachagua kazi. Wanazivuta kwa sindano, wanazilea maabara mpaka ziongezeke, kisha wanazirudisha mgongoni mwako, kwenye yale maji yanayouzunguka uti. Haziwi uti mpya, hilo alilirudia. Zinategemewa kupoza madhara ya pale palipopondeka na kuzisaidia nyuzi zilizosalia hai zisife, pengine ziamke.

"Nitatembea?"

"Sijasema hivyo. Waliofanyiwa kwingine, wapo walioanza kuhisi, wapo waliopata nguvu kidogo za kiuno, na wapo ambao hawakupata lolote."

Basi mimi nilishika lile la kwanza. Haki ya Mungu, sikuwa naomba kukimbia. Nilitaka kujua mkojo unapokuja. Mtu mzima, baba wa watoto, unakaa na wageni, ghafla unaona wanaangalia pembeni, ndipo unajua kwamba umelowa. Nililia sana kwa hilo, na sikulia kwa sababu ya miguu. Nikamwambia daktari aniandike hata leo.

Akaniambia kuna masharti. Anayepokelewa ni yule ambaye mwaka haujapita tangu aumie, na mwili wake uwe mzima, hasa ngozi. "Ngozi yako ndiyo kazi yako kuanzia sasa," akasema. Tukapewa siku ya kurudi, karibu kabisa na mwisho wa mwaka wangu, kwa kuwa maabara ilikuwa na watu wengine mbele. Wauguzi wakamfundisha mke wangu kunigeuza kila saa mbili, ubavu huu, ubavu ule, tumboni. Nikatoka hospitali sina hata mchubuko.

Sasa sikiliza tulichofanya sisi wenyewe.

Nilipofika nyumbani, ndugu wakaanza kumiminika kutoka Kishapu. Kwetu Usukumani mtu akiumwa haendewi kwa kuchungulia. Watu wanakuja, wanakaa, salamu zinaanzia kwa mgonjwa, zinakwenda kwa ng'ombe, mvua, pamba, watoto wa fulani, ndipo zinarudi kwa mgonjwa. Na mgonjwa anatakiwa aonekane uso, aitikie. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, ndiye aliyeketi upande wa kichwa changu kupokea wageni kwa niaba yangu. Mke wangu akija kunigeuza, baba mkubwa anakohoa.

"Mama, wazee wameingia sasa hivi. Utamgeuzaje awape makalio?"

Mke wangu anarudi na mito yake. Akija tena, wameingia wengine. Nami nilipenda kuwaona. Hivyo nikalala chali, heshima zote, siku baada ya siku, uzito wangu wote umekaa juu ya ule mfupa wa chini ya kiuno, na mfupa huo haukuwa na njia ya kunipigia kelele. Wageni walipokwisha, mke wangu akaninyanyua aoshe mwili wangu, akanyamaza. Kwa kawaida yeye akinyamaza ujue kuna msiba. Palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda, na kilipoanza kusafishwa kikawa kikubwa kuliko hapo, kwa kuwa nyama ya ndani ilishakufa zamani.

Tukampigia daktari. Hakufoka, na nilitamani afoke. Akasema hawawezi kutoboa nyonga jirani na kidonda, vijidudu vikisafiri mpaka kwenye uti vitaniua. Kikifunga kabla ya siku yangu, niende. Kisipofunga, mwaka utakuwa umepita na nafasi itakwenda kwa mwingine, na utafiti ule haukuwa na mlango wa pili.

Ndipo nikawekwa kifudifudi. Muuguzi wa zahanati alikuja kutuonyesha kufunga dawa, akasema kidonda hicho hakina miujiza: kisilaliwe, kioshwe, na mimi nile mayai, maharage na dagaa. Nilikaa hivyo asubuhi mpaka giza, kitenge kimenifunika mpaka kiunoni na pale pa kidonda pako wazi kupata hewa. Aibu yake we acha tu. Nilimtukana kila aliyekuwa karibu. Nilimtukana mke wangu kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya redio, kwa sababu ya nzi. Yeye ni mtoto wa Kishapu, hatishwi na mtu. Alikuwa ananijibu huku anaosha kidonda, tusi kwa tusi, na mkono wake hautetemeki.

Siku moja rafiki yangu, yule aliyenikumbatia kwenye pikipiki, akaja na viatu vyeusi vilivyochongoka ambavyo sikuvijua. Mwenye viatu akajitambulisha kuwa ni dokta wa seli. Alikuwa amefikia gesti karibu na stendi, na alikuwa na kidebe cha kuhifadhia barafu. Anakudunga sindano moja tu, hakuna kusubiri, hakuna habari za ngozi wala mwaka, baada ya wiki unasimama.

"Hizo seli umezitoa kwa nani?" nikakiuliza kile kiatu.

"Kwa kondoo. Kondoo mchanga kabisa, bado tumboni."

"Kwa hiyo nikisimama nitalia mee?"

Rafiki yangu akacheka. Lakini sitawaficha, nilimsikiliza. Nilikuwa nimelala siku nyingi mno, na mtu ananiambia wiki moja. Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Mke wangu akaingia na beseni la maji ya chumvi, akauliza yule bwana anafanya kazi hospitali gani. Akataja nchi. Akaulizwa tena hospitali, akataja tena nchi. Akaambiwa atoke kabla beseni halijamfuata, na viatu vile vikatoka vikikwaruza mlango. Rafiki yangu alirudi kesho yake peke yake, akaomba msamaha, akanikatia kucha.

Kidonda kilianza kusikia dawa. Kwanza kikawa chekundu, ambayo ndiyo rangi tunayoitaka, kisha kingo zikaanza kusogeleana. Mke wangu alikuwa anakipiga picha kwa simu na kunionyesha, kwa kuwa mimi sikuwahi kukiona kwa macho. Kikafika saizi ya kikombe kidogo cha kahawa, kikafika kifuniko cha soda tena, kikafika punje ya hindi. Siku ya hospitali nayo ilikuwa inakaribia. Hapo ndipo ikaja habari kwamba mama mkwe yuko njiani kutoka Kishapu.

Asiyejua mambo yetu anaweza kuona ni jambo dogo. Mimi na mama mkwe tangu nioe hatujawahi kukaa chumba kimoja. Akipita njia hii mimi napita ile. Tukikutana ghafla nainamisha uso, naye anajifunika kanga. Hatuli pamoja, hatutazamani machoni. Ndiyo heshima, na mimi pamoja na domo langu lote sikuwahi kuikiuka. Sasa mama huyo anakuja kunipa pole, na mkwe wake yuko kitandani amebetua makalio juu.

Baba mkubwa aliwahi kufika, asubuhi, kwa ajili hiyo tu. Niliona viatu vyake vya matairi vikisimama mbele ya kitanda.

"Leo ageuzwe," akasema.

"Hageuzwi," mke wangu akajibu kutoka mlangoni.

"Mama, ni saa chache tu. Huyu ni mkwe. Anayekuja ni mama yako mwenyewe, utamvunjia heshima mama yako?"

"Baba, shikamoo yangu umeipokea asubuhi na jioni nitakupa nyingine. Lakini hapo hapaguswi."

Mnajua mimi nilisema nini? Nilisema nigeuzwe. Nilikuwa nimevumilia mengi, ila lile sikuliweza. Nikamwambia mke wangu alete mito, anilaze chali, anifunike shuka safi, mama yake aje aondoke, nitarudi kifudifudi.

"Sikugeuzi ng'o."

"Ni mama yako!"

"Ndiyo, mama yangu. Na wewe mume wangu. Na hicho kidonda ni changu mimi, nimekiosha kwa mikono hii mpaka kimekuwa punje ya hindi. Mama atakaa wiki, si saa chache, namjua. Ukilala chali wiki moja kitafumuka chote. Unataka uende hospitali au unataka kusifiwa Kishapu?"

Baba mkubwa akasema mwanamke hapigi kelele mbele ya mgonjwa. Mimi nikasema kama hanigeuzi nitajigeuza, nikaanza kusukuma kitanda kwa mikono, jasho linanitoka, nusu ya mwili haiji. Mke wangu akaja akaukalia mkono wangu. Kweli, akaukalia. Ndivyo tulivyokuwa, yeye juu ya mkono wangu analia kwa hasira, mimi nauma mto, baba mkubwa anakohoa, tuliposikia sauti kutoka nje, chini ya dirisha.

"Mwadila, baba."

Ni salamu yetu ya mchana. Mama mkwe alikuwa ameshafika, na kwa kuwa nyumba zile ni bati na tofali moja, alikuwa amesikia kila neno.

Nikaitikia. Ningefanyaje? Tukasalimiana mpaka mwisho, mvua ya kwao, choroko, mbuzi, mimi na mto mdomoni, yeye ukutani. Halafu akamwita mwanawe kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nipe kigoda."

Mke wangu akamtolea. Kwa kuwa dirisha lilikuwa juu ya kitanda changu, nilisikia kigoda kikiwekwa chini, na mgongo wake ukiegemea ukuta kwa nje.

"Baba mkubwa," akasema, "mimi huku natazama mashine ya mpunga. Mkwe huko anatazama sakafu. Nani kamwangalia nani?"

Baba mkubwa akakohoa.

"Yeye kanipa mgongo, na mimi nimempa mgongo. Mwacheni alale hivyo hivyo. Nimekuja kumpa pole, sikuja kumkagua."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mke wangu akatoka juu ya mkono wangu, akajifuta uso, akaenda kupika. Baba mkubwa alisimama kidogo, kisha viatu vyake vikatoka, na baada ya muda nikamsikia naye nje anaomba kigoda.

Mama mkwe hakukaa wiki, alikaa mpaka kidonda kikafunga. Kila asubuhi alikuwa anakuja dirishani na ungo wake, anachambua choroko au kukata michembe ya kuloweka, viazi vitamu vilivyokaushwa, na tunaongea. Sikuwahi kuongea naye hata dakika tano kabla ya hapo. Ukuta ulikuwa katikati na hakuna aliyeweza kusema tumekosea. Akaniambia nilipoleta posa alinikataa.

"Najua," nikasema.

"Wachimbaji mna midomo michafu."

"Ni kweli, mama."

"Huyu binti yangu naye anao. Nikasema basi, wataumizana wenyewe kwa wenyewe."

Aliniuliza habari za seli, na maswali yake yalikuwa hayaishi. Zinatoka kwa nani? Nikamwambia kwangu mwenyewe, kwenye nyonga. Akashukuru, akasema alikuwa na hofu kwamba ni za marehemu. Wakishazitoa wanaziweka wapi? Zinakula nini huko? Hilo nilimuuliza daktari kwenye simu, akacheka, akasema zinapewa maji yenye lishe na joto kama la mwilini. Mama mkwe aliposikia akasema kumbe zinalelewa vizuri. Tangu siku hiyo akawa ananiuliza kama nimekula, na nikisema nimeshiba anasema hizo seli ziko ndani ya mfupa zinasubiri yai, nisizinyime. Nilikula mayai mpaka nikawachukia kuku wote wa Kagongwa.

Punje ya hindi ikawa ya mchele. Muuguzi akaja, akabonyeza pembeni, akabonyeza katikati, akasema ngozi imeshikana. Mke wangu alipiga kigelegele hapo hapo, na nje ya dirisha kikajibiwa kingine, kirefu, cha kizee. Siku ya mama mkwe kuondoka alisimama chini ya dirisha, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, baba. Ukihisi kitu, chochote, mimi niwe wa kwanza kuambiwa." Nikamwambia sawa. Sikumwona uso, naye hakuniona.

Tulikwenda hospitali nimelala ubavu kwenye kiti cha nyuma cha gari la Noa. Daktari akanikagua kwa tochi, akapitisha kidole pale mara nyingi mpaka nikaanza kukata tamaa. "Pamefunga," akasema hatimaye. Halafu akakaa kitandani, nami nikajua kuna zito linakuja.

Akasema watu wamegawanywa makundi mawili. Kundi moja linapewa seli na mazoezi. Jingine linapewa mazoezi peke yake na kufuatiliwa vilevile, ili ijulikane kama seli zinafanya kitu kweli. Hachagui yeye, hachagui mgonjwa, inachagua kompyuta.

"Kwa hiyo naweza kukosa? Baada ya yote haya?"

"Unaweza."

Loo! Mori ulinipanda. Nikamwambia nimelala kama mjusi nusu mwaka, nimempa mama mkwe mgongo, leo naambiwa habari za bahati nasibu? Mke wangu akanifinya sikio mbele ya daktari, kwa nguvu. Daktari alisubiri nimalize. Akasema bila kundi la pili hata yeye atakuwa kama wale wanaouza sindano gesti, anasema tu zinafaa na hana cha kuonyesha. Kile kiatu kilichochongoka nilikuwa nakikumbuka vizuri. Nikakubali. Na kompyuta, sijui nani aliiombea, ikaniweka kwenye kundi la seli.

Sindano ya nyonga sikuihisi. Nilimwona daktari anasukuma kwa bega lake lote, akatoa uboho mwekundu mzito, wakaondoka nao. Baada ya wiki kadhaa tukarudi, wakaniingizia mgongoni maji kidogo yasiyofika hata kijiko cha chai. Niliuliza kama ni hayo tu. Akasema ni hayo tu. Akasema tena nisitarajie makubwa, na hata nikija kupata kitu, yeye kwa mtu mmoja hawezi kuapa kwamba ni seli na si mwili wenyewe. Nilimpenda kwa kunisemesha hivyo, ingawa siku ile nilinuna.

Nyumbani tukaendelea na mazoezi na kugeuzwa. Miezi ikapita, hakuna kitu. Marafiki wakipita wanatania, "Vipi, zimeota?" Nikawa nawajibu vibaya na baadaye nikaacha kuwajibu. Mama mkwe alikuwa anapiga simu, hasemi lolote juu ya seli, anauliza nimekula nini. Nilianza kujiambia kwamba mimi ni wa lile fungu lisilopata lolote, na kwamba sina wa kumlaumu. Mwenyewe nilikuwa sijaamini ninachojiambia.

Kuoga naogea uani, kwenye kiti cha plastiki, kuta za mabati pande tatu. Mke wangu huchemsha maji kwenye jiko la mkaa, anachanganya, anapima kwa kiwiko, maana mimi chini sijui moto wala baridi. Asubuhi moja alikuwa na haraka, mnunuzi wa mchele alikuwa anamwita barabarani. Akachota kopo, akanimwagia kifuani, mgongoni, akachota tena akanimwagia mapajani.

"Wewe! Maji ya moto hayo, unataka kunichemsha?"

"Nimeshapima bwana! Kila siku kelele, kila siku kelele, mimi mnunuzi ananiita huko wewe unaleta..."

Akaishia hapo. Kopo lilikuwa mkononi mwake linachuruzika kwenye kandambili. Barabarani yule mnunuzi aliita tena.

"Umesemaje?" akauliza, polepole.

Mimi nilikuwa naliangalia paja langu la kulia. Lilikuwa limekonda, na lilikuwa linatoa mvuke.

"Ni ya moto," nikasema.

Akachota kopo jingine. Alilijaza mno, maji yakamwagikia njiani.

"Funga macho," akaniambia. Nikafunga. "Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Hapo. Hapo hapo, mwaga."